Kundi, Kikosi na Mamlaka: Rai Kuhusu Kufundisha Ruhusa katika Mifumo ya Unix

Katika ufundishaji wa kompyuta nchini mwetu liko swali moja ambalo huchelewa kuulizwa darasani, na pengine haliulizwi kabisa: nani ana mamlaka ya kusimamisha kazi ya nani? Mwanafunzi hufundishwa kuwasha mashine, kuandika barua, kupanga hesabu kwenye jedwali na kuhifadhi faili. Hayo yote ni ya lazima, wala hatukusudii kuyapunguzia uzito. Lakini mashine inayotumiwa na watu wengi ni kama kisima cha kijiji. Kujua kuteka maji ni jambo moja, na kujua utaratibu wa kisima ni jambo jingine. Asiyeujua utaratibu huo aweza kuwaharibia wenzake hata bila ya kukusudia.

Twapenda katika makala haya kutoa rai kwa walimu wenzetu, hasa wale wanaowaandaa wanachuo watakaokwenda kufundisha shule za pembezoni. Tuchukue kwa mfano mwalimu atakayepangiwa kazi katika kata ya Mabawe, wilayani Ngara, Mkoa wa Kagera. Tuseme anakuta darasa la wanafunzi arobaini na kompyuta chache, au kompyuta kuu moja inayohudumia vioo na vibodi kadhaa. Mwalimu huyo hawezi kumpa kila mwanafunzi mashine yake. Hana budi kuwafundisha kushirikiana mashine moja bila ya kukanyagana. Je, vyuo vyetu vimempa maarifa hayo?

Chimbuko la kanuni hizi

Yafaa tukumbuke kwamba mfumo endeshi wa Unix ulizaliwa katika hali ya uhaba. Ulianza mwaka 1969 katika maabara za Bell, huko Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Wakati huo kompyuta ilikuwa ghali mno, na haikuwezekana kila mtu awe na yake. Ilibidi watu wengi watumie mashine moja kwa wakati mmoja, na kila mmoja aone kama kwamba ni yake peke yake. Ndiyo sababu tangu mwanzo mfumo huo ulijali sana suala la nani ni mwenyewe wa kitu gani.

Baadaye ulikuja utaratibu wa kuendesha kazi nyingi kutoka kituo kimoja, mtu akiiweka kazi moja mbele na nyingine nyuma. Utaratibu huo ulibuniwa na Jim Kulp alipokuwa katika taasisi ya kimataifa ya IIASA, mjini Laxenburg, Austria, na ukaingizwa katika Unix ya Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kwenye mwaka 1980. Mwaka 1988 kanuni zake zilitiwa katika kiwango kiitwacho POSIX. Linux, iliyoanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991 nchini Finland, nayo ikazifuata.

Miaka ambayo kanuni hizo zilikuwa zikitungwa, Tanzania ilikuwa imekwisha kuzuia kuingizwa kwa kompyuta, kwa agizo la serikali la mwaka 1974. Kwa hiyo istilahi zake hazikuzaliwa midomoni mwetu. Lakini hali iliyozizaa kanuni zenyewe, yaani watu wengi na mashine moja, ndiyo hali ya shule zetu leo. Mwalimu wa Mabawe asione kwamba anafundisha jambo la nchi tajiri lisilomhusu. Anafundisha kanuni za watu waliokuwa na mashine moja na wakahitaji kugawana.

Neno moja, mambo mawili

Chanzo kikubwa cha mkanganyiko darasani, kwa maoni yetu, ni neno moja linalotumika kwa mambo mawili. Vitabu vya Kiingereza, ambavyo ndivyo vinavyotumika katika shule za sekondari, hutumia neno moja kwa kundi la watumiaji na kwa kundi la michakato. Mwanafunzi hudhani ni kitu kile kile.

Kundi la watumiaji ni orodha ya watu. Kwa mfano, wanafunzi wote wa Kidato cha Tatu waweza kuwekwa katika kundi moja. Faili likipewa kundi hilo, na ruhusa zake zikiruhusu, wanafunzi hao wataweza kulisoma au kuliandika. Ruhusa hiyo imeandikwa juu ya faili lenyewe: ya mwenyewe, ya kundi, na ya watu wengine wote.

Kundi la michakato ni jambo jingine kabisa. Mchakato ni programu iliyo katika kutenda kazi. Mtumiaji anapotoa amri yenye programu tatu zilizounganishwa, ya kwanza ikisoma majina, ya pili ikiyapanga, na ya tatu ikiyahesabu, mfumo huzaa michakato mitatu na kuiweka pamoja chini ya namba moja. Shabaha yake ni kwamba mtu akitaka kuisimamisha kazi hiyo, aisimamishe yote kwa amri moja, badala ya kuwinda mchakato mmoja mmoja.

Sasa mwanafunzi aliyeambiwa kwamba yeye na jirani yake wamo katika kundi moja hutarajia kwamba aweza kusimamisha mchakato wa jirani yake. Hawezi. Kuwa katika kundi moja la watumiaji hakumpi mtu mamlaka hata chembe juu ya michakato ya mwenziwe. Mfumo ukikataa, mwanafunzi huona kwamba umeharibika, na mwalimu ambaye hakufundishwa tofauti hii huishia kumpa nenosiri la mkuu wa mfumo ili mambo yaende. Hapo ndipo madhara yanapoanzia.

Kiswahili chaweza kutuokoa. Lugha yetu ina maneno ya kutosha kutenganisha mambo haya. Tunapendekeza kwamba orodha ya watu iitwe kundi, na michakato inayofanya kazi moja iitwe kikosi. Mwanafunzi yeyote ajua kwamba kikosi ni cha kazi: huundwa kwa ajili ya jambo fulani, na likiisha, huvunjika. Vivyo hivyo, tutenganishe ruhusa na mamlaka. Ruhusa huandikwa juu ya faili, na mamlaka hutokana na nani ni mwenyewe wa mchakato. Mtu ana ruhusa ya kusoma daftari la darasa, lakini hana mamlaka ya kumwamuru mwanafunzi mwenziwe aache kazi yake.

Wapo watakaosema kwamba mtihani huulizwa kwa Kiingereza, na kwa hiyo maneno ya Kiswahili yatampotezea mwanafunzi wakati. Hatukubaliani nao. Mwanafunzi aliyeelewa kwa lugha anayoimudu hujifunza neno la kigeni kwa siku moja. Aliyekariri neno la kigeni bila kuelewa hulisahau mlangoni mwa chumba cha mtihani. Wala jambo hili si geni. Mwishoni mwa mwaka 2004 wataalamu wa mradi wa Kilinux, katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zinazozungumza na mtumiaji kwa Kiswahili. Lililowezekana kwa programu nzima litatushindaje kwa somo moja?

Kanuni zenyewe kwa mifano ya mahali

Mwalimu wa Ngara ana mfano mzuri karibu naye. Katika mpaka wa Rusumo, kati ya Tanzania na Rwanda, magari ya mizigo huja kwa misafara. Msafara waweza kuamriwa kuondoka kwa neno moja. Lakini ofisa wa mpaka haukagui msafara kama kitu kimoja: humwangalia kila dereva na hati yake. Mfumo endeshi hufanya vivyo hivyo. Mtumiaji hutuma ishara moja kwa kikosi kizima, bali kiini cha mfumo hukagua mchakato mmoja mmoja: je, anayetuma ishara ana namba ya mtumiaji inayolingana na ya mwenye mchakato huu, au ni mkuu wa mfumo? Ikiwa ndiyo, ishara hupita. Ikiwa siyo, haipiti.

Kutokana na hayo hufuata jambo ambalo hata watumiaji wazoefu hulisahau. Ikiwa kikosi kina michakato mitatu, miwili ikiwa yangu na mmoja wa mkuu wa mfumo, ishara yangu itaifikia miwili tu. Hata hivyo mfumo utanijibu kwamba amri imefaulu, kwa sababu umepatikana walau mchakato mmoja niliokuwa na mamlaka nao. Utanikatalia tu pale ambapo sina mamlaka na hata mmoja. Mwanafunzi afundishwe, basi, kwamba jibu la kufaulu si ushahidi kwamba kazi yote imesimama. Ahakikishe kwa kuorodhesha michakato upya.

Ziko kanuni nyingine tatu zinazofaa kufundishwa kwa mifano ya nyumbani.

Kwanza, mchakato huzaliwa katika kikosi cha mzazi wake. Mzazi aweza kumhamishia mtoto kikosi kingine, lakini kabla mtoto hajaanza kuendesha programu mpya. Akishaianza, mzazi hana tena neno, ingawa mtoto mwenyewe aweza bado kujihamisha. Kadhalika, uhamisho hufanyika ndani ya kikao kimoja tu, yaani mkusanyiko wa vikosi vilivyotokana na mtumiaji kuingia mara moja katika mfumo. Hakuna mtu awezaye kuutia mchakato wake katika kikosi cha kikao cha mtu mwingine.

Pili, kiongozi wa kikosi si mkubwa. Mchakato ambao namba yake ndiyo namba ya kikosi huitwa kiongozi, lakini hauna mamlaka yoyote ya ziada juu ya wenzake. Kiongozi akimaliza kazi na kuondoka, kikosi huendelea na namba ile ile hadi mwanachama wa mwisho aondoke. Wanafunzi hupenda kubishana juu ya kanuni hii, na ni vyema wabishane.

Tatu, kibodi ni ya kikosi cha mbele. Mtumiaji akibonyeza vitufe vya Ctrl na C, ishara hutumwa na kiini chenyewe kwa kikosi chote kilicho mbele, na hapo haiulizwi nani ni mwenyewe. Kikosi cha nyuma kikijaribu kusoma kutoka kibodi, husimamishwa hadi kitakapoitwa mbele. Ni kama mkutano wa kijiji: wote wamo uwanjani, lakini anayesema ni yule aliyepewa nafasi.

Kadi kabla ya mashine

Rai yetu ya pili inahusu njia ya kufundisha. Somo hili lisianzie kwenye kioo cha kompyuta. Kioo huonyesha matokeo, hakionyeshi uamuzi. Tena umeme hukatika, na mwalimu asiye na njia nyingine hupoteza kipindi. Tunapendekeza mchezo wa kadi, ambao hauhitaji chochote ila karatasi na kalamu, na unatosha katika kipindi cha dakika arobaini.

Kila mwanafunzi anayeshiriki hupewa kadi yenye mistari minne: namba ya mchakato, namba ya mzazi, namba ya kikosi, na jina la mwenyewe. Tuwe na watumiaji wawili, nao tuwaite kwa majina ya mito ya huko, kagera na ruvuvu. Mtumiaji kagera ana michakato mitatu, 410, 411 na 412, yote katika kikosi 410. Mtumiaji ruvuvu ana mchakato 520 katika kikosi chake. Mwanafunzi mmoja huwa kiini cha mfumo. Yeye ndiye mkaguzi, na hakuna ishara inayopita bila yeye.

Katika duru ya kwanza, kagera aamuru: kill -TERM -410. Alama ya kutoa mbele ya namba ina maana ya kikosi kizima. Mkaguzi asome kadi tatu, aone kwamba zote ni za kagera, na wote watatu wakae chini. Katika duru ya pili, ruvuvu atoe amri ile ile. Mkaguzi asome kadi tatu, asipate hata moja ya ruvuvu, na akatae. Hapo mwalimu atangaze kwamba kagera na ruvuvu sasa wamo katika kundi moja la watumiaji, kisha ruvuvu arudie amri yake. Wengi watatarajia ikubaliwe. Mkaguzi akatae tena, na darasa lieleze kwa nini. Katika duru ya tatu, mwenyewe wa kadi 412 abadilishwe kuwa mkuu wa mfumo, kama inavyotokea programu inapoendeshwa kwa sudo. Kagera atoe amri: wawili wakae, mmoja abaki amesimama, na mkaguzi aseme, «Imefaulu.» Mwalimu asiwahi kueleza. Awaache wanafunzi waone wenyewe kasoro iliyomo katika jibu hilo.

Baada ya hapo ndipo waende kwenye mashine, wakaorodheshe michakato kwa amri ya ps, wakionyesha safu za namba ya mchakato, ya kikosi, ya kikao na jina la mtumiaji. Watazitambua safu hizo, kwa kuwa wamezishika mikononi.

Jina moja kwa kila mwanafunzi

Sasa tufikie jambo ambalo kwa maoni yetu ndilo zito kuliko yote. Maadamu mamlaka hupimwa kwa namba ya mtumiaji, shule inayowaingiza wanafunzi wote kwa jina moja, pengine «mwanafunzi», inabomoa kuta zote ambazo mfumo ulijengewa. Mbele ya kiini, wanafunzi arobaini wenye jina moja ni mtu mmoja. Katika kompyuta kuu inayohudumia vioo vingi, mmoja wao ambaye kazi yake imekwama akiandika kill -9 -1, amri inayoua kila mchakato ambao mtoaji ana mamlaka nao, atakuwa ameua kazi za wote arobaini kwa mara moja. Ikiwa ni siku ya mtihani wa vitendo, hasara yake haifidiki. Wala hatakuwa na hatia, kwa sababu mfumo haukumkatalia, na sisi hatukumfundisha. Akiitoa amri hiyo hiyo kwa jina lake mwenyewe, angejikata yeye peke yake na kujifunza kitu.

Twajua hoja za upande wa pili. Yasemwa kwamba kuandikisha majina arobaini ni kazi, kwamba wanafunzi husahau nenosiri, na kwamba kazi za pamoja zitakwama. Hoja ya kwanza ni ya kweli, lakini kazi hiyo ni ya alasiri moja kwa mwaka, na orodha ya majina yaweza kusomwa na programu fupi ambayo wanafunzi wenyewe wataiandika kama zoezi. Ya pili yatatuliwa kwa kuwateua viranja wawili waliopewa, kupitia sudo, amri ya kubadili nenosiri za wanafunzi wenzao peke yake, bila ya kupewa nenosiri la mkuu. Ya tatu yatatuliwa kwa kundi: iundwe kabrasha moja la kazi za pamoja, lipewe kundi la darasa kwa chgrp, kisha lipewe ruhusa kwa chmod 2770. Tarakimu ile 2 ya mwanzo hufanya kila faili jipya lirithi kundi la kabrasha, na sehemu iliyobaki huwafungia nje wasio wa darasa. Mwalimu aongeze umask 007 ili wanakundi waweze kuandika katika faili za wenzao. Kwa njia hiyo mali ya pamoja inakuwa ya pamoja, na kazi ya mtu inabaki yake. Desturi ya kutoa chmod 777 kwa kila kitu kinachokataa ni sawa na kung'oa mlango kwa sababu ufunguo umepotea.

Wengine watauliza: kwa nini Unix, ilhali kompyuta nyingi za ofisini zina Windows? Tunajibu kwamba Linux hailipiwi leseni na huweza kuendeshwa katika mashine za zamani. Tena mwanafunzi wa Mabawe huenda tayari anaitumia bila kujua. Simu za Android zina kiini cha Linux, na katika simu hizo kila programu iliyopakiwa hupewa namba yake ya mtumiaji. Kwa kanuni hiyo hiyo, programu ya mchezo haiwezi kufungua faili za programu ya kutumia fedha, wala kuisimamisha. Mwanafunzi akifahamu kwa nini fedha za mzazi wake hazisomwi na mchezo alioupakia jana, ameelewa namba ya mtumiaji ni ya kazi gani.

Tunayopendekeza

Tunatoa rai kwa vyuo vya ualimu kwamba somo la vikosi na mamlaka liingizwe katika mazoezi ya kufundisha, na kila mwanachuo aliendeshe kwa kadi mbele ya wenzake kabla ya kwenda shuleni. Tunatoa rai kwa wakuu wa shule kwamba wasiruhusu jina moja la mtumiaji kwa darasa zima, hata kama mashine ni moja na zamu ni nyingi. Na tunawaomba watunga mitihani wapunguze maswali ya kutaja maana ya maneno, waulize maswali ya kuamua: hizi hapa kadi nne, hii hapa amri, nani atakaa chini na nani atabaki amesimama, na kwa nini?

Huko Rusumo, mtambo wa umeme wa megawati 80 hugawanywa sawasawa kati ya Tanzania, Rwanda na Burundi. Maporomoko ni yale yale, na kila nchi ina fungu lake linalojulikana. Wanafunzi wa Ngara wanaishi karibu na mfano huo. Kinachobaki ni mwalimu wao awe ameandaliwa kuwaonyesha kwamba ndani ya mashine moja ya shule mna haja ya mapatano ya namna hiyo hiyo, na kwamba mapatano hayo huanza kwa kila mmoja kuingia kwa jina lake.